Radi ya Kiangazi: Tochi ya Matroni

Ifahamike kwa wakazi wote wa Dodoma, kuanzia Chimwaga mpaka Chamwino, pamoja na wageni waheshimiwa waliopo mjini kikazi, kwamba Ijumaa ile, saa mbili usiku, katika ukumbi wa burudani wa Mama Devota uliopo Ihumwa, lilifanyika onyesho kubwa la thrash metal, ule muziki wa magitaa ya kunguruma na sauti ya kukoroma, kuliko yote yaliyowahi kushuhudiwa katika nyanda za kati.

Ukumbi wenyewe ni baa. Una meza saba, jiko la nyama, na choo ambacho mlango wake hufungwa kwa kamba. Na onyesho lilikuwa kubwa kuliko yote kwa sababu hapajawahi kuwa na jingine.

Wiki iliyopita tulimwacha Hilda jukwaani, gitaa shingoni, mdomo wazi mbele ya maikrofoni, akiwa amemulikwa tochi usoni kutoka mlangoni. Msomaji atauliza, nani anaingia baa na tochi wakati taa zinawaka? Hilda hakuhitaji kuuliza. Alikuwa amesoma bweni. Mwanga ule angeutambua hata chini ya mablanketi matatu, maana huko ndiko alikozoea kuutambulia.

Mwanga ukateremka polepole kutoka usoni. Ukafika kwenye fulana nyeusi iliyochanika begani. Ukakaa hapo, kama unasikitika.

Kisha mwenye tochi akaingia. Sweta ya kijivu, kitenge cha heshima, na kwapani kitabu cha nyimbo za ibada.

Matroni Loisi.

Kwa ambaye leo ndiyo mara yake ya kwanza kununua gazeti hili, tumweleze haraka kabla Hilda hajafunga mdomo. Matroni Loisi ndiye mlezi wa bweni alilokaa Hilda mpaka alipomaliza kidato cha sita mwezi Mei. Ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya lori linalopanda mlima na mzigo. Akisema "Zimeni taa" kutoka koridoni, taa huzimwa, na wasichana ambao hawako karibu na swichi hufumba macho ili nao waonekane wamechangia.

Na sauti ile, ile ile ya lori, ndiyo aliyokuwa akiimbia Hilda.

Aliichukua shuleni. Alijifunza chini ya blanketi, akiikoroma tumboni usiku baada ya usiku, mpaka siku moja akatoka koridoni, akasema "Zimeni taa," na bweni zima likawa giza. Baadaye, likizo, akagundua kwamba sauti hiyo ukiivuta kidogo na kuiwekea gitaa la kunguruma chini yake ni muziki kamili. Hakulipia. Hakuomba. Hakuwahi kumwambia mwenye sauti.

Kwa hiyo, katika watu wote wanaoishi chini ya jua kali la Dodoma, Matroni Loisi ndiye aliyekuwa wa mwisho kutakiwa katika baa ile. Labda baada ya Mzee Mazengo, baba yake Hilda, mzee wa kanisa, ambaye kila Ijumaa huambiwa kwamba binti yake yuko mazoezi ya kwaya ya vijana.

Na hayo yalikuwa nusu tu ya matatizo.

Nusu nyingine ilikuwa imesimama kwenye meza ya dirishani. Bwana Lameck, mtumishi wa serikali anayetoka Chamwino kila Ijumaa kufuata mishkaki ya pale, alikuwa ameinuka. Koti lilikuwa mkononi. Sahani ameisukuma pembeni. Kichwa kilikuwa kinamuuma kwa kelele na alikuwa anakwenda zake.

Akitoka, bendi imekufa. Mama Devota alishasema mchana, akigeuza nyama jikoni bila hata kuwatazama: "Leo ndiyo mwisho wa kuwajaribu. Mteja wangu mmoja akiinuka kwa ajili ya kelele zenu, kunjeni waya zenu. Ijumaa ijayo naweka televisheni." Na baa nyingine haipo. Ya kwanza waliimba nusu wimbo, wakatolewa. Ya pili waliambiwa wasubiri meneja, wakasubiri mpaka ikafungwa.

Kwa hiyo Hilda alikuwa na Matroni mlangoni, Bwana Lameck anaelekea mlango huo huo, na kifua kilichojaa pumzi ya ukelele ambao zamu yake ilikuwa imefika. Charles, mpiga dramu, alikuwa ameshapiga matoazi. Kitu lazima kitoke.

Kilichotoka, kwa sauti ya Matroni mwenyewe, kwa nguvu yote ya spika mbili za kuazima, ni hiki:

"Shikamooo."

Usimlaumu. Mtu aliyelelewa akimwona mkubwa wake ghafla, mdomo hautafuti ruhusa.

Bwana Lameck, mgongo kwa jukwaa, mkono kwenye kitasa, akasimama kama aliyeshikwa shati.

Akageuka taratibu.

"Marahaba," akasema.

Meza ya karibu na jiko nayo: "Marahaba." Na ya katikati: "Marahaba, mwanangu." Baa nzima, watu wazima walioshiba nyama, kila mmoja kwa uhakika kwamba yeye ndiye aliyeamkiwa.

Bwana Lameck akarudi. Akaweka koti kwenye kiti. Akaivuta sahani.

"Si ulikuwa unaondoka?" akauliza mwenzake wa ofisini, William, ambaye alikuwa bado anatafuna.

"Nimeamkiwa."

"Ameniamkia mimi."

"Wewe nani akuamkie na mimi nipo?"

"Lameck, mimi na wewe ni rika moja."

"Rika moja wapi? Mama yako alikuja kwenye ubatizo wangu akiwa na mimba yako. Kaa kimya, binti anataka kuendelea."

Binti hakutaka kuendelea. Binti alitaka ardhi ipasuke immeze pamoja na gitaa. Maana aliyeamkiwa hasa alikuwa amesimama pale pale mlangoni, tochi mkononi, na hakuwa ameitikia.

Sasa, ukimwamkia mkubwa asiitikie, mambo ni mawili. Ama hakusikia, ama umekosea. Yote mawili dawa yake ni moja. Unarudia.

"Shikamooo," Hilda akarudia, ndefu zaidi.

"Marahabaaa," wakaitika watu wa baa, wakiwa sasa wameelewa zamu yao.

Charles, ambaye hufikiri kwa mikono, akapiga mapigo matatu ya haraka nyuma yake. Na Ruthu, mpiga besi, msichana mtulivu, mwenye akili nyingi na vidole visivyokosea, akaingiza besi mahali hasa ilipotakiwa kuingia.

"Shikamooo."

Tatata.

"Marahabaaa."

Matroni akatembea kutoka mlangoni. Watu wakampisha. Akavuta kiti cha mbele kabisa, akakipangusa kwa leso, akakaa. Kitabu cha nyimbo akakiweka mapajani. Tochi akaiweka juu ya kitabu. Mikono akaikunja. Midomo hakuifungua.

"Shikamooo," Hilda akaomba.

"Marahabaaa." Meza zikaanza kugongwa. Mtu mmoja aliyekuja kutafuta chenji tu akaishia kuvuta kiti. Bwana Lameck alikuwa amesimama tena, lakini safari hii ili aitikie vizuri, huku akitikisa kichwa chenye upara mbele na nyuma, kitu ambacho hakuna aliyemfundisha. Wateja wa pale wamezoea treni ya mizigo kupita na kutikisa glasi. Treni lakini haijawahi kuwaamkia.

Huko jukwaani Hilda alikuwa analowa jasho, na Ihumwa mwezi wa saba hakuna jasho. Mwezi wa saba Ihumwa kuna upepo unaoingia mpaka kwenye soksi. Alivuta pumzi, akarudia, akatazama midomo ya Matroni. Imefungwa. Akarudia. Imefungwa.

Ndipo Ruthu, ambaye katika kila hatari ndiye pekee anayebaki na akili, akamsogelea na kumnong'oneza.

"Fulana."

"Nini?"

"Chomekea fulana."

Hilda akakumbuka. Matroni Loisi, tangu awe Matroni, hajawahi kuitikia salamu ya msichana ambaye shati halijachomekewa. Anakutazama tu. Unaweza kumwamkia asubuhi ukaja kuitikiwa mchana, baada ya kujitazama.

Ikabidi gitaa liachiwe. Mbele ya baa nzima iliyokuwa inapiga kelele, mwimbaji wa bendi ya Radi ya Kiangazi akafungua mkanda tundu moja, akaingiza fulana nyeusi iliyochanika ndani ya suruali, mbele, pembeni, nyuma, akaunyoosha mkunjo kwa kiganja kama anayekaguliwa gwaride la Jumatatu, akafunga mkanda. Muda wote huo gitaa lilikuwa kimya, na wimbo mzima ukawa umebebwa na besi peke yake. Wataalamu wa muziki, kama wangekuwapo, wangesema mengi kuhusu besi ile.

Hilda akashika maikrofoni kwa mikono miwili.

"Shikamoo," akasema.

Na kabla baa haijaitika, Matroni akafungua mdomo.

"Marahaba."

Hakuwa na maikrofoni. Hakuihitaji. Neno likatoka kifuani, zito, likapiga ukuta wa jiko na kurudi. Nalo lilikuwa na sauti ile ile. Mkoromo ule ule, uzito ule ule.

Vichwa vikageuka kutoka kwa Hilda kwenda kwa Matroni, kutoka kwa Matroni kurudi kwa Hilda. Fimbo moja ya Charles ikaanguka, ikajiviringisha mpaka chini ya meza ya Bwana Lameck, na hakuna aliyeiinamia.

Mama Devota akatoka jikoni, koleo la nyama mkononi.

"Dada," akasema, "mbona umekaa huku nje kama mgeni? Nakusikia muda wote unazungumza, nikajua umeshaingia ndani."

Dada.

Hilda akamtazama Mama Devota. Akamtazama Matroni. Pua moja. Nyusi moja. Jinsi ya kushika koleo na jinsi ya kushika tochi, moja. Alikuwa anajua, maana Ihumwa nzima inajua, kwamba kiwanja kile si cha Mama Devota. Ni cha dada yake mkubwa anayefanya kazi shule, na Mama Devota haongezi hata kiti bila kumuuliza. Hakuwahi kujisumbua kuuliza ni shule ipi.

Kwa hiyo suala la Bwana Lameck kuinuka au kukaa lilikuwa limekwisha. Ijumaa zote zilizobaki duniani zilikuwa zimekaa kwenye kiti cha mbele, na kitabu cha nyimbo mapajani.

"Devota," akasema Matroni, "hii ndiyo kwaya?"

"Kwaya gani, dada?"

"Nimepigiwa simu. Nikaambiwa Ijumaa hii hapa kwako kuna kwaya, ya sauti nzito, na kwamba itakuwa heshima nikihudhuria. Nimepanda basi na kitabu changu."

"Nani kakupigia?"

"Tutafika huko." Akageuka jukwaani. "Hilda Mazengo."

"Naam, Matroni," Hilda akajibu kwenye maikrofoni, na kwa bahati mbaya ikatoka ile ile. William akacheka, akapigwa kiwiko na Bwana Lameck.

"Tumia sauti yako."

"Ndiyo hii, Matroni," akasema Hilda, sasa kwa sauti ndogo ya msichana aliyesahau sare.

"Nzuri. Hiyo naijua. Ile nyingine ni ya nani?"

Hilda alikuwa na uongo wa aina tatu. Wa kwanza ulihusu mafua. Wa pili ulihusu mashine iliyopo ndani ya spika. Wa tatu hakuwa amemaliza kuutengeneza. Akawaza Ijumaa zake. Akawaza jinsi anavyojisikia wimbo ukifika katikati na kifua kikafunguka, kwamba siku sita za wiki ni binti anayeosha vyombo na kusubiri matokeo, na siku ya saba kuna kitu kinatoka ndani yake ambacho hata yeye hajui kinakaa wapi. Ukisema uongo kwa kitu kama hicho, kinaharibika.

Akauacha uongo wa aina zote tatu.

"Sema 'Zimeni taa'," akasema Matroni.

"Matroni, mimi..."

"Sema."

"Zimeni taa," akanong'ona Hilda.

"Si hivyo. Kwenye maikrofoni. Kama ulivyokuwa ukisema koridoni."

Basi. Alikuwa anajua.

Hilda akafumba macho, akavuta pumzi mpaka kwenye mkanda ulioishika fulana, na akaitoa.

"Zimeni taa."

Sasa, Miriam, mhudumu wa pale, mwanamke mzima na watoto wawili, alikuwa anapita na trei ya soda kuelekea meza ya katikati. Miriam naye alisoma shule ile ile, enzi hizo. Akasimama. Akaweka trei chini sakafuni kwa uangalifu. Akaenda ukutani. Akashusha swichi kuu.

Giza.

Friji likaguna na kunyamaza. Spika zikafa. Yakabaki makaa ya jikoni yakiwaka mekundu, na upepo ukisukuma mabati.

"Umeme umekatika tena," ikasema sauti ya Bwana Lameck.

"Ni mimi," ikasema sauti ya Miriam, imejaa hofu. "Samahanini jamani. Mkono umekwenda wenyewe."

Ndipo ukasikika mlio wa ajabu kutoka kiti cha mbele. Kama gari la zamani linalokataa kuwaka asubuhi ya baridi. Likajaribu, likakata. Likajaribu tena. Jukwaani walisikiliza kwa wasiwasi. Hilda aliyekaa bweni lile miaka yote, na Ruthu aliyelala kitanda cha chini yake, hawakuwahi kuusikia.

Matroni Loisi alikuwa anacheka.

"Kumbe ni wewe," akasema gizani, akipumua kwa shida. "Kumbe ni wewe, mtoto mjinga. Mimi nimekaa chumbani kwangu nakunywa chai, nasikia nimeshawaambia wazime taa. Natoka, taa zimezimwa. Najiuliza, nimesema saa ngapi? Nikajua ndiyo uzee. Nikajua akili inaniondoka kama ilivyomwondoka mama yetu. Devota atakwambia. Nilikwenda hospitali, daktari akaniambia nipumzike, akanipa vidonge. Nimemeza vidonge muhula mzima."

Hakuna aliyecheka. Msomaji anajua kwamba hadithi hii haina tabia ya kusimama na kusikitika, lakini Hilda pale gizani alishika mkono wa gitaa kwa nguvu. Alikuwa amefikiri kwamba anaiba sauti tu.

"Matroni," akasema, kwa ile sauti yake ndogo, bila umeme, "ni mimi. Ilikuwa mimi kila mara. Nisamehe. Sikujua kwamba utadhani unaumwa."

"Ungejuaje. Hukuniuliza." Akakohoa kidogo. "Ile ndefu umeifanyaje?"

"Ipi?"

"Ile ya mwisho. Shikamoo ile ndefu. Mimi sijawahi kuifikisha pale."

"Naibana tumboni, Matroni. Halafu naiacha itoke kidogo kidogo."

"Hm," akasema Matroni.

Tukamsikia akiinuka. Kiti kikaguna.

"Devota, nisikilize, na ninyi wengine mwe mashahidi. Kelele hizi mimi sizipendi. Kichwa changu kinagonga. Lakini sauti ile ni yangu, na sauti yangu haiwezi kufukuzwa kwenye kiwanja changu. Waimbe Ijumaa. Ikifika saa nne kamili, huyu awaambie mzime taa, na mzime, mwende makwenu mkalale kama watu."

"Na ile ya shikamoo ibaki," ikasema sauti ya Bwana Lameck.

"Ibaki. Kwa adabu."

Baa ikapiga meza. Charles, kwa fimbo moja iliyobaki, akapiga dramu zote alizozifikia gizani na mbili ambazo hazikuwa dramu. Hilda akakaa chini juu ya spika. Ijumaa zake zilikuwa salama.

Hapa mwandishi mwenye busara angeweka nukta na kwenda kulala.

Lakini tochi ikawaka.

"Sasa," akasema Matroni Loisi. "Aliyenipigia simu."

Mwanga ukaanza kutembea. Ukapita kwa Bwana Lameck, akanyoosha kola. Ukapita kwa William, akameza. Ukamfikia Charles, akainua mikono juu, pamoja na fimbo.

"Aliniambia yeye ni katibu wa kwaya," Matroni akaendelea, taratibu, kama anayetembea koridoni na viatu vya mpira. "Sauti ameifanya ya kizee. Amenisalimia vizuri, ameniombea safari njema. Mpaka mwisho nikamwamini. Kisha, kabla ya kukata, akasema, 'Ahsante sana, Matroni.'"

Baa ikangoja.

"Katibu wa kwaya angeniita mama. Kanisani mimi ni mama Loisi. Hapa ni dada. Matroni ni kwa wasichana wangu peke yao. Na wasichana wangu hapa ndani nawaona watatu. Mmoja amekaribia kuzimia aliponiona. Mmoja amezima umeme na yuko karibu kulia."

Mwanga ukasogea kushoto, ukafika kwa Ruthu, mpiga besi, ambaye kama tulivyoeleza hapo juu ni msichana mtulivu, mwenye akili nyingi, ambaye haiwezekani kabisa kwamba...

"Ruthu," akasema Matroni. "Nakutazama."

Ni vigumu, msomaji, tochi ile ikiwa machoni, kuendelea kusema "Ruthu" kana kwamba ni mtu mwingine.

Ni mimi. Nimekuwa mimi tangu sehemu ya kwanza. Hayo ya utulivu na akili niliyaandika mwenyewe. Vidole visivyokosea pia. Wakati Hilda anachomekea fulana na besi ikabaki peke yake, nilikuwa nimesahau wimbo, nikawa narudia noti moja nikitumaini mtu atakohoa. Hayo yaliyokuwa moyoni mwa Hilda nayajua kwa sababu huwa ananisimulia yote, hata nisipomuuliza, na mengine nilikisia.

"Ni mimi, Matroni," nikasema.

"Kwa nini?"

"Nilitaka kuona sura ya Hilda tochi ikimpiga."

"Na?"

"Ilikuwa nzuri sana, Matroni."

Hilda alinirushia kitu gizani. Nadhani ni kopo la soda.

"Na sababu nyingine?" akasema Matroni, ambaye miaka yote ile hajawahi kukubali jibu la kwanza.

Nikatazama viatu vyangu, vilivyokuwa ndani ya duara la mwanga.

"Tangu amalize shule anaimba kwa watu wanaosubiri mishkaki. Hakuna hata mmoja anayemjua tangu zamani aliyewahi kumsikia. Nikaona asikiwe na mtu wake."

Ikaja sauti ya Hilda, karibu nami, polepole mno.

"Ruthu. Umesema mtu wake, ukatazama mlango."

"Sikutazama mlango."

"Ulitazama mlango. Ruthu, ulipiga simu ngapi?"

Nje, pikipiki ikaingia uwanjani. Ikakohoa, ikakohoa tena, ikatoa mlio mmoja kama mbuzi aliyekanyagwa, ikazima. Ihumwa nzima inaijua pikipiki ile. Huegeshwa mbele ya kanisa kila Jumapili, na wanakwaya huanza kujipanga wakiisikia.

"Nilimwambia ni kwaya," nikasema. "Na kwamba wewe ndiye unayeongoza."

Matroni akazima tochi. Sijui kama ni kwa huruma au kwa ajili ya kufurahi vizuri. Ukutani, Miriam, aliyekuwa anatafuta jema la kufanya, akapandisha swichi. Taa zikawaka, friji likaguna, spika zikanguruma, na maikrofoni ikapiga mluzi mbele ya midomo ya Hilda.

Mlangoni alikuwa amesimama Mzee Mazengo, koti la Jumapili limefungwa vifungo vyote, kofia mkononi.

"Hodi," akasema. "Hapa ndipo kwaya ilipo?"

Baa nzima ikamtazama Hilda. Bwana Lameck akasimama tayari kuitikia.

Hilda akavuta pumzi ya kumwamkia baba yake. Sauti za kuamkia anazo mbili, na aliyesimama pale mlangoni alikuwa amewahi kusikia moja tu.